Tumjue Anayetujengea

Mada iliyotolewa na mwanachama wetu, mkadiriaji majenzi kwa taaluma, katika mkutano wa wana-Lushoto waishio Dar es Salaam wa kuandaa harambee ya bweni la wasichana



Mwenyekiti ameniomba nizungumze kwa kifupi kuhusu makandarasi na sheria inayowasimamia. Ameniomba kwa sababu katika kikao kilichopita tulitofautiana. Wapo waliosema bweni tujenge kwa mafundi wa kijijini, tununue vifaa wenyewe, tuokoe fedha ambayo ingekwenda kwa mkandarasi. Wapo waliotaka mkandarasi aliyesajiliwa. Mimi niko upande wa pili, na naomba mnisikilize sababu zangu kabla hatujapiga kura.

Nianze na sheria yenyewe. Zamani wabunifu majengo, wakadiriaji majenzi na makandarasi wa majengo walikuwa chini ya bodi moja. Mwaka 1997 Bunge lilitunga sheria tatu zinazofuatana: Na. 15 ya wahandisi, Na. 16 ya wabunifu majengo na wakadiriaji majenzi, na Na. 17 ya makandarasi. Hiyo ya mwisho ndiyo iliyounda Bodi ya Usajili wa Makandarasi, tunayoijua kwa kifupi kama CRB, na ilifanyiwa marekebisho mwaka 2008. Kwa nini bodi tatu? Kwa sababu anayechora na anayejenga hawapaswi kuwa mtu mmoja anayejisahihishia mtihani wake mwenyewe.

Sheria Na. 17 inakataza mtu au kampuni kufanya biashara ya ukandarasi bila kusajiliwa. Bodi inasajili kwa aina ya kazi: majengo, kazi za kiraia kama barabara na madaraja, umeme, mitambo, na kazi maalumu. Ndani ya majengo kuna madaraja saba, la kwanza likiwa la juu na la saba likiwa la wadogo. Kila daraja lina kikomo cha thamani ya kazi moja ambayo mkandarasi anaruhusiwa kuishika. Anayeomba daraja hupimwa kwa wataalamu alionao, vifaa vyake, mtaji wake na kazi alizokwisha kufanya. Akishasajiliwa hulipa ada kila mwaka, na kila mradi anaoupata anatakiwa kuusajili na kuweka kibao eneo la kazi kinachoonyesha nani mwenye mradi, nani mkandarasi na nani mshauri. Akikiuka, bodi inaweza kumsimamisha au kumfuta.

Wazee walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Usajili ni daftari. Maana yake kubwa si muhuri wala rangi ya cheti. Maana yake ni kwamba jengo likipata kasoro, kuna jina, kuna anuani, na kuna mamlaka unayoweza kuipelekea malalamiko.

Ipo shule moja ya nyumbani, sitaitaja, iliyojengewa vyumba viwili vya madarasa kwa michango ya wananchi. Fundi alikuwa mtu mwema na mchapakazi. Mkataba ulikuwa ukurasa mmoja wa daftari. Sehemu ya msingi ilikaa juu ya udongo uliochimbwa upande wa juu wa mteremko na kujazwa upande wa chini, na haukushindiliwa vizuri. Masika ya kwanza ukuta ulipasuka kuanzia kwenye linta hadi chini. Kamati ilipomtafuta fundi, alikwishahamia mkoa mwingine. Hakuna aliyeshtakiwa wala aliyerudi kurekebisha, na wananchi walichangishwa mara ya pili kwa ukuta uleule. Hiyo ndiyo bei halisi ya ile fedha iliyookolewa. Rahisi ghali.

Ndugu zangu, sisi tunajua ardhi yetu. Milima ya Usambara haina uwanja tambarare wa kutosha, ndiyo maana mchoro wa bweni letu ni wa ghorofa moja, juu ya mteremko, katika nchi yenye mvua za masika na vuli. Kazi ya namna hiyo inahitaji ukuta wa kuzuia udongo, mifereji ya kuondoa maji, nguzo na zege la sakafu ya juu lenye nondo zilizopigiwa hesabu. Fundi hodari anaweza kujenga ukuta ulionyooka kama uzi. Lakini nondo ikiwa nyembamba kuliko ilivyochorwa, au zege likinyimwa saruji na maji ya kumwagilia siku zake za mwanzo, jicho haliwezi kuona. Juu ya sakafu hiyo watalala mabinti zetu.

Hapa Dar es Salaam tumeshaona. Tarehe 29 Machi 2013, siku ya Ijumaa Kuu, jengo la ghorofa 16 lililokuwa likijengwa Mtaa wa Indira Gandhi lilianguka na kuua watu 36. Tarehe 16 Novemba 2024 jengo la biashara lilianguka Kariakoo na kuua zaidi ya watu 20. Yametokea katika jiji lenye ofisi za bodi zote. Kwa hiyo siwezi kuwaambia kwamba sheria peke yake inatosha. Cheti hakichanganyi zege. Na kuna ugonjwa mwingine tunaoujua: mwenye cheti kumuazima asiye nacho, jina likaandikwa kwenye kibao, na mwenye jina asionekane eneo la kazi hata siku moja. Sheria humlinda anayeifuatilia.

Wenzetu wa upande wa kwanza wana hoja nzito, na naiheshimu. Wanasema hata serikali hujenga kwa mafundi wa kijijini, kwa utaratibu unaoitwa fosi akaunti. Ni kweli. Mwaka 2021, katika fedha za UVIKO-19, yalijengwa madarasa 15,000 nchini kwa shilingi milioni 20 kila moja, na utaratibu huo ulitumika sana. Lakini tuangalie kilichosimama nyuma yake: mhandisi wa halmashauri, kamati za manunuzi na mapokezi ya vifaa, na mwisho Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali, ambaye ripoti zake hufikishwa bungeni kila mwaka na ambaye amekwisha kuonyesha udhaifu katika usimamizi wa miradi ya aina hiyo. Halmashauri ikikosea, inaitwa na Kamati ya Bunge ya Hesabu za Serikali za Mitaa ijieleze. Chama chetu kikikosea kitaitwa na nani? Sisi hatuna mkaguzi mkuu, na darasa la chini si bweni la ghorofa.

Hoja yao ya pili ni kwamba mafundi wa nyumbani ni ndugu zetu, nao wanataka kula. Hili linajibika. Tunaweza kumwekea mkandarasi sharti la kuwaajiri mafundi na vibarua wa kata yetu, kwa malipo yaliyoandikwa. Na vijana wetu waliomaliza VETA wanaweza kuungana na mtaalamu, wakasajili kampuni ya daraja la saba. Bodi ina mfuko wa kuwasaidia makandarasi wadogo kupata dhamana za zabuni na za malipo ya awali. Nani alisema mkandarasi lazima atoke mjini?

Kwa hiyo naomba mkutano huu uagize kamati mambo haya:

1. Kabla ya kusaini, jina la mkandarasi lihakikiwe bodi: yumo kwenye orodha, ada yake ya mwaka imelipwa, na daraja lake linabeba thamani ya kazi yetu.

2. Michoro iwe na saini na mhuri wa mbunifu na mhandisi waliosajiliwa, na kibali cha ujenzi kitoke halmashauri.

3. Msimamizi alipwe na chama, si na mkandarasi. Anayelishwa na mkandarasi hawezi kumkatalia zege baya.

4. Malipo yafuate kazi iliyopimwa, na sehemu ya fedha izuiliwe hadi kipindi cha matazamio kiishe. Masika moja ipite juu ya jengo kabla hatujamlipa shilingi ya mwisho.

5. Mwakilishi wa mkandarasi aliyetajwa kwenye mkataba aonekane eneo la kazi. Asipoonekana, kamati iandike barua bodi wiki hiyohiyo.

Waheshimiwa madiwani, na kupitia kwenu wabunge wetu, nanyi nina ombi kwenu. Bodi hizi ziliundwa na Bunge, ziko chini ya Wizara ya Ujenzi, na Kamati ya Bunge ya Miundombinu ndiyo inayoifuatilia wizara hiyo. Ulizeni kwa niaba yetu: mkaguzi wa bodi hufika vijijini mara ngapi, au anaishia kwenye lami? Mwananchi wa Mtae au Mlalo mwenye malalamiko anayapeleka wapi bila kulala njiani? Swali likiulizwa bungeni, waziri hulijibu, na jibu lake huingia kwenye kumbukumbu.

Ndugu zangu, usimamizi huu una gharama, na sitaificha. Utakula sehemu ya michango ambayo wengine mngependa ionekane kama matofali. Ndiyo maana nasema: unapojaza fomu ya ahadi iliyo nyuma ya kijitabu hiki, usiseme nimechangia mifuko kumi ya saruji tu. Sema pia nimechangia macho ya kuitazama ile saruji ikichanganywa.

Baba zetu walichimba matuta milimani ili udongo usiondoke na maji. Walijua mteremko hauna huruma kwa mzembe. Tuwajengee wajukuu wao wa kike nyumba ambayo mvua itaipita, na tulijue jina la aliyeijenga.

Nimeshika fomu yangu mkononi, naikabidhi kwa mweka hazina mbele yenu. Karibuni tuchange.