Kifungo Kisichoonekana
Maneno yaliyosemwa mbele ya memba katika mkutano wa Chama



Halmashauri iliponitaka niseme mbele yenu jioni hii, baadhi yenu mlidhani nitasema habari za mishahara, au za likizo, au za nyumba za watumishi. Mambo hayo ni makubwa, nayo yana wasemaji wake. Mimi nimeleta habari ya kipande cha chuma ambacho urefu wake aghalabu haufiki shubiri. Kazi yake ni kushikanisha kuta mbili, na mahali pake ni gizani. Nawaomba mvumilie habari za matofali hapo mwanzo, kwa kuwa mwisho wake watuhusu sisi makarani kuliko waashi.

Wazee wetu wa pwani walijenga kwa mawe ya matumbawe na chokaa, ukuta mmoja mnene, nao ulitosha. Uingereza ni nchi ya namna nyingine. Mvua yake husukumwa na upepo, nayo yaweza kupiga upande mmoja wa nyumba mchana kutwa. Tofali ni kitu chenye vitundu, hunywa maji. Ukuta ukiwa mwembamba, maji yaliyoingia nje hutokeza ndani, na chumba kikashika ukungu. Basi katika karne ya 19 wajenzi wa huko walianza kujenga kuta mbili nyembamba zilizosimama sambamba, mmoja wa nje na mmoja wa ndani, na kati yao wakaacha mwanya wa kadiri ya milimita 50, yaani inchi 2. Maji yapitayo ukuta wa nje huteremka mwanyani na kutoka chini, wala hayavuki. Baada ya vita vya 1914 hata 1918 desturi hii ilienea sana, ikawa ndiyo kawaida ya nyumba za watu.

Lakini dawa ya ugonjwa mmoja yaweza kuzaa ugonjwa mwingine. Kuta mbili nyembamba zisizoshikana hazina nguvu ya ukuta mmoja mnene. Tena upepo hausukumi tu. Upitapo juu ya nyumba na pembeni mwake huvuta pia. Ukuta wa nje ukiachwa peke yake, wavutwa kama mlango usio na komeo. Kwa sababu hiyo mwashi, apandishapo kozi za matofali, hulaza vipande vya chuma kutoka ukuta huu hata ukuta ule. Hivyo ndivyo vifungo vya ukuta, na ndiyo habari yangu.

Namna mbili zilitumika kupita nyingine zote. Namna ya kwanza ni waya mnene uliokunjwa mfano wa tarakimu ya 8, nao huitwa kipepeo kwa sababu ya umbo lake. Ya pili ni bapa la chuma lililosokotwa katikati, na ncha zake mbili zimepasuliwa kama mkia wa samaki ili zishike barabara katika saruji. Sasa tazameni akili ya mtu aliyeviunda. Kifungo ni daraja. Kama nguvu zaweza kuvuka juu yake, maji nayo yaweza kuvuka. Basi katikati ya kifungo hutiwa mkunjo unaoelekea chini, ili tone la maji lifikapo pale lianguke mwanyani, lisiendelee ndani. Mwashi akikiweka juu chini, au akikilaza kwa kuinamia ndani, au akiacha saruji ya mwiko wake ianguke juu yake na kukauka, amewajengea maji barabara. Mwashi mwangalifu huweka ubao mwembamba juu ya vifungo, ndani ya mwanya, uupokee uchafu wa saruji; akifika kozi za vifungo vingine huuvuta juu kwa kamba na kuusafisha.

Hesabu yake pia si ya kubahatisha. Kanuni ya kawaida kwa mwanya wa namna hiyo ni kifungo kimoja katika kila milimita 900 kwa mapana, na kila milimita 450 kwenda juu, yaani kila kozi sita za matofali. Kando ya milango na madirisha huzidishwa, kimoja kila milimita 300 kwenda juu. Ukipiga hesabu utapata vifungo viwili na nusu kwa kila mita moja ya mraba. Ukuta wa urefu wa mita 4 na kimo cha mita 3 wataka vifungo 30, bila kuhesabu vya madirishani. Tena haitoshi kifungo kiwepo. Yapasa kiingie katika saruji ya kila ukuta si chini ya milimita 50. Kipimo hiki cha milimita 50 naomba mkiweke moyoni, maana nitakirudia.

Adui wa kifungo ni kutu. Zamani vifungo vilifanywa kwa chuma kilichopakwa zinki, kama bati la paa. Zinki hujitoa kwanza kwa kutu ili chuma kisalimike, lakini siku zake zina mwisho. Unene wa zinki ndio umri wa kifungo. Kipimo cha Kiingereza nambari 1243, ambacho kilitolewa kwanza mwaka 1945, kilieleza jinsi vifungo vinavyopaswa kuwa. Mwaka 1968 kipimo hicho kilirekebishwa, na unene wa zinki kwa vifungo vya waya ukapunguzwa. Baadaye wachunguzi wa majengo wakaona ya kuwa vifungo vinalika upesi kuliko ilivyotazamiwa, na mwaka 1981 unene ukaongezwa tena. Katika miaka ile kumi na mitatu nyumba nyingi mno zilikwisha jengwa, na vifungo vyake vimefunikwa. Tena palikuwa na mahali ambapo waashi walitumia saruji nyeusi, iliyochanganywa na majivu ya makaa ya mawe kwa kuwa ni rahisi. Majivu hayo yana kiberiti ndani yake, nacho hula chuma kwa haraka zaidi.

Hapa pana jambo la kutufundisha. Kutu huchukua nafasi kubwa kuliko chuma kilichoizaa, mara kadhaa. Bapa lile la mkia wa samaki likishika kutu huvimba kwa nguvu hata kuuinua ukuta. Nyufa hutokea katika saruji, zimelala kama mistari ya daftari, kila baada ya kozi sita. Mwenye nyumba huziona, akaita fundi. Lakini kipepeo cha waya kina chuma kidogo. Kutu yake haina nguvu ya kupasua. Huliwa kimya kimya hata kikatike, na ukuta kwa nje waonekana mzima kabisa. Wazee walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Mithali hiyo ni ya kweli, lakini humfaa yule tu ambaye ameonyeshwa ufa. Mwenye vipepeo haonyeshwi ufa wowote. Huonyeshwa ukuta ulioanguka.

Siku hizi vifungo hufanywa kwa chuma cha pua kisichoshika kutu. Na kwa nyumba za zamani, mafundi hutoboa tundu dogo, wakaingiza kioo chenye taa na kuchungulia mwanyani. Vilivyooza wakavitilia badala. Mabapa yaliyovimba hung'olewa au hutengwa na saruji, kwa sababu yakiachwa yataendelea kuinua ukuta hata kama vipya vimekwisha tiwa. Hivyo elimu ya kutu imepatikana. Je, hatari imekwisha? Sikilizeni.

Tarehe 29 Januari, 2016, kulipokuwa na dhoruba katika mji wa Edinburgh, nchi ya Scotland, ukuta wa nje wa shule ya watoto wadogo iitwayo Oxgangs ulianguka. Kadiri ya tani 9 za matofali zilimwagika chini. Kwa rehema ya Mungu ilikuwa mapema asubuhi, na watoto walikuwa hawajafika, hakuna aliyeumia. Shule ile haikuwa kongwe. Ilikuwa imejengwa katika miaka ya kwanza ya karne hii. Mwezi wa Aprili shule 17 za mji ule zilifungwa ili zichunguzwe, na watoto zaidi ya 7,000 wakatafutiwa mahali pengine pa kusomea. Bwana John Cole, mstadi wa kuchora majengo, aliwekwa kufanya uchunguzi, na taarifa yake ikatolewa Februari 2017.

Nanyi mwaweza kudhani aliona kutu. La. Aliona vifungo ambavyo havikuingia vya kutosha katika saruji ya ukuta wa nje. Mwanya ulijengwa mpana kuliko ulivyochorwa, na vifungo havikufika hata zile milimita 50 nilizowaomba mziweke moyoni. Upepo ulipovuta, vilichomoka. Dhoruba ile haikuwa na nguvu ambayo ukuta uliojengwa sawasawa usingeweza kuistahimili.

Swali lake kubwa basi halikuwa la upepo, bali ni hili: nani alitazama? Maana kifungo huonekana kwa muda mfupi tu. Mwashi hukilaza, na kozi inayofuata hukifunika. Kama hakuna jicho lililotazama kabla ya kufunikwa, hakuna atakayejua hata siku ya maafa. Na taarifa ile ilionyesha ya kuwa palikosekana usimamizi wa kutosha wa wajenzi wenyewe, tena palikosekana jicho la mwenye mali lisilo na faida katika haraka ya kazi. Kila mmoja alimtegemea mwenziwe. Karatasi zilikuwapo, jicho halikuwapo.

Memba wenzangu, zamani huko Uingereza palikuwa na mtu aitwaye Karani wa Ujenzi, na jina lake lapatana na letu. Hakuwa karani wa kalamu tu. Aghalabu alikuwa mwashi au seremala wa miaka mingi, aliyewekwa na mwenye mali, si na mjenzi, akae pale pale kazini, atazame kila siku kwa macho yake, na aandike alichokiona. Wengi waliondolewa ili kupunguza gharama. Baada ya ukuta kuanguka, watu walikumbuka kazi yao, na taarifa ile ilisisitiza haja ya wakaguzi wa namna hiyo.

Sasa niseme langu, ambalo sikulisema popote. Nilipokuwa kijana niliandikwa karani katika kazi ya ujenzi ya idara moja nisiyoitaja. Ghala ilijengwa kwa mawe, na kanuni ilikuwa kutia ukanda wa chuma kila baada ya kozi moja. Daftari langu lilikuwa na safu yake, na kila jioni niliandika, "Chuma kimetiwa." Nilijuaje? Msimamizi aliniambia. Jukwaa lilikuwa refu, viatu vyangu vilikuwa vipya, na mwandiko wangu ulisifiwa. Miaka miwili baadaye ukuta ule ulitobolewa ili pawekwe mlango mwingine. Kozi kumi na mbili zilifunguliwa, na chuma kilionekana katika kozi mbili tu. Hakuna aliyeumia, wala hakuna aliyenishitaki; msimamizi alikuwa amekwisha ondoka. Lakini mwashi mzee aliyetoboa, ambaye hakujua kusoma, aliniuliza kwa upole, "Mwanangu, kitabu chako kilisema nini?" Sikuwa na jibu. Yeye hakujua herufi, lakini alijua kilichomo ukutani. Mimi nilijua herufi zote, nami sikukijua.

Tangu siku hiyo nimejiwekea mambo matatu, nami nawapa. Kwanza, nisiandike "nimeona" mahali palipo "nimeambiwa." Maneno hayo mawili ni mbalimbali, na daftari laweza kuyabeba yote mawili kwa uaminifu. Pili, kitu kitakachofunikwa kitazamwe kabla hakijafunikwa, ijapokuwa ni kwa kuwachosha watu na kuchelewesha kazi kwa saa moja. Tatu, mdogo wangu kazini akikataa kutia sahihi kwa sababu hajaona, nisimwone mkaidi. Nimfuate tukatazame pamoja.

Twapenda kusema ya kuwa watumishi wa Serikali ndio kiungo kati ya Serikali na raia. Na iwe hivyo, lakini tukumbuke ya Edinburgh. Vifungo vilikuwapo, mtu aliyevihesabu kwa karatasi angaliviona vimetimia. Kilichokosekana ni kuingia ndani ya kutosha pande zote mbili. Mtumishi aliyeingia sana ofisini na kidogo tu kwa watu ni kifungo cha namna hiyo, naye hatajulikana mpaka siku ya upepo.

Kesho asubuhi kila mmoja wetu atafungua daftari lake. Nawaomba mtazame sahihi ya mwisho mliyotia, na mjiulize ya kuwa, nyuma ya wino ule, mliona kwa macho yenu au mliambiwa.