Nyumba Ndogo Iliyokamilika: Makazi ya Mwanachama Mbali na Nguzo za Umeme

(Hotuba iliyotolewa mbele ya makatibu na wajumbe wa kamati za mikopo wa vyama vya msingi)



Nimepewa saa moja niseme juu ya nyumba ndogo. Nawasikia wajumbe walioketi nyuma wakicheka. Ni kweli kwamba mitaani maneno hayo yamepewa maana nyingine, ambayo haihusiani na chama chetu ingawa nayo imekula mikopo si haba. Mimi nitasema juu ya nyumba yenye kuta na paa: vyumba viwili na baraza, meta nne kwa sita, yenye maji yake, choo chake na taa zake, hata kama nguzo ya umeme na bomba la maji viko mbali.

Atembeaye vijijini kwetu baada ya msimu wa mauzo hana budi kuyaona mapagale. Mwanachama amepokea malipo yake ya pili, bei ilikuwa nzuri, naye mara moja akachimba msingi wa nyumba ya meta nane kwa kumi na mbili. Mwaka uliofuata akapandisha kuta hadi kwenye linta. Mwaka wa tatu mvua ikawa haba, au bei ikaanguka, na tangu hapo kuta zimesimama wazi. Mvua hula udongo uliounganisha matofali, magugu huota sebuleni, na familia bado inalala katika nyumba ya zamani inayovuja. Wakati huo huo riba haisimami. Nimepitia madaftari ya kutosha kujua kwamba mkopo wa ujenzi hucheleweshwa zaidi na mtu asiyehamia katika nyumba yake kuliko na yule aliyehamia. Asiyehamia hajapata kitu cha kumfanya ailipe.

Ni nini kinachoua nyumba hizi? Si kuta. Ukuta waweza kujengwa kwa mikono ya wenye nyumba, kwa udongo wa shambani na kwa msaada wa jirani atakayesaidiwa naye siku yake. Kinachoua ni paa, kwa sababu bati, mbao na misumari hazifinyangwi, ila hununuliwa kwa fedha taslimu na kwa wakati mmoja. Tazameni hesabu hii. Nyumba ya meta nane kwa kumi na mbili, ikiongezewa nusu meta ya upenu kila upande, yahitaji paa la kufunika meta za mraba 117. Nyumba ya meta nne kwa sita yenye upenu kama huo yahitaji 35. Yaani ya kwanza yataka bati mara tatu na zaidi. Kwa hiyo shauri langu kwa kamati za mikopo ni kwamba mwombaji asiulizwe anataka vyumba vingapi. Aulizwe anaweza kununua bati ngapi msimu huu, na msingi upimwe kutokana na jibu hilo. Tumezoea kuhesabu kutoka chini kwenda juu. Tuanze juu.

Jambo hili limevuma sana Marekani, hasa tangu msukosuko wa mikopo ya nyumba wa mwaka 2008, ambapo watu wengi walipoteza nyumba kubwa walizoshindwa kuzilipia. Wako waliogeukia vijumba ambavyo hujengwa hata juu ya magurudumu, kwa kuwa kanuni za miji mingi hazikuruhusu nyumba ndogo kiasi hicho kusimama juu ya msingi. Kanuni za mfano za ujenzi wa makazi zilizotolewa huko mwaka 2018 ziliongezewa kiambatisho kwa ajili yao, na kipimo kilichowekwa ni eneo lisilozidi futi za mraba 400, yaani kama meta za mraba 37. Sisi tulio wengi tumekulia katika nyumba zilizo pungufu ya hapo, wala hatukuandikwa magazetini.

Mtu wanayependa kumtaja ni Henry David Thoreau, aliyejenga chumba cha futi 10 kwa 15 kando ya ziwa dogo la Walden, Massachusetts, mwaka 1845. Alinunua kibanda cha mfanyakazi wa reli, akakibomoa ili apate mbao, na hesabu zake zote akaziandika kama katibu mwangalifu: jumla dola 28 na senti 12 na nusu, bila kuhesabu kazi ya mikono yake mwenyewe. Alikaa humo miaka miwili na miezi miwili. Lakini kiwanja kilikuwa cha rafiki yake, naye hakuwa na mke wala mtoto. Daftari lake twaweza kuliiga. Mpango wake wa kulala hatuwezi.

Sasa nirudi kwenye vifaa. Matofali ya kuchoma yanapendwa, lakini tanuri moja hula miti ambayo kijiji hakitaipata tena upesi. Yako matofali ya udongo uliochanganywa na saruji kidogo na kushindiliwa kwa mashine ya mkono. Mashine ya namna hiyo ilibuniwa Colombia katika miaka ya 1950, na hapa Tanzania Wakala wa Taifa wa Utafiti wa Nyumba Bora na Vifaa vya Ujenzi ulieneza aina ya matofali yanayofungamana. Tofali la mashine ile ya kwanza lina sentimeta 29 kwa 14 kwa 9, hivyo meta moja ya mraba ya ukuta huhitaji kama matofali 33. Kuta za nyumba yetu, za kimo cha meta mbili na nusu pamoja na ukuta wa kugawa vyumba, ukitoa milango na madirisha, zitachukua matofali kama 1,800. Mfuko mmoja wa saruji wa kilo 50 hutoa matofali 120 hivi. Basi mifuko 15 yatosha kwa matofali, mbali na msingi, sakafu na lipu.

Angalieni udongo kabla ya kufungua mfuko wa kwanza. Udongo mweusi unaopasuka wakati wa kiangazi haufai. Tengenezeni kisanduku cha mbao chenye urefu wa sentimeta 60, mkijaze udongo uliolowa, mkiache kivulini mpaka ukauke. Ukisinyaa kidogo, udongo ni mwema. Ukisinyaa sana na kupasuka vipande vipande, uongezeeni mchanga, mjaribu tena. Matofali yakishatoka mashineni yafunikwe na kunyunyiziwa maji kwa muda wa siku saba, wala yasipandishwe ukutani kabla ya wiki nne. Hapa ndipo watu wengi huharakisha, na hapa ndipo kuta huharibika. Mashine yenyewe haina haja ya kuwa ya mtu mmoja. Chama kikiwa nayo moja, ikizunguka kwa zamu na daftari lake, wanachama wengi wataitumia katika mwaka.

Paa likishafungwa, lina kazi ya pili. Milimeta moja ya mvua ikianguka juu ya meta moja ya mraba ni lita moja ya maji. Kwa hiyo mahali penye mvua ya milimeta 800 kwa mwaka, paa letu la meta za mraba 35 hupokea lita 28,000. Tukitoa sehemu ya tano inayopotea kwa kuruka na kukauka, zabaki 22,400. Hata Dodoma, ambako wastani ni milimeta 570 hivi, tutapata karibu lita 16,000. Watu watano wakitumia lita tano kila mmoja kwa kunywa na kupikia ni lita 25 kwa siku, na tangi la lita 5,000 lililojaa mwishoni mwa masika litawatosha siku 200. Kufua na kunyweshea mifugo kutaendelea kutegemea kisima au bwawa. Mwenye nyumba asidanganywe kwamba tangi litamaliza safari zote za maji, lakini litamaliza zile za maji ya kunywa, ambazo aghalabu huwaangukia mama na watoto wa kike.

Sharti ni mifereji ya bati, ambayo mafundi huiita gata, iwekwe siku ile ile paa linapowekwa. Ikiachwa mpaka mwakani, haiwekwi. Ndoo mbili za kwanza za kila mvua baada ya ukame zimwagwe, maana zimeosha vumbi na mavi ya ndege. Tangi lifunikwe na tundu lake lizibwe kwa wavu, ama sivyo tutakuwa tumejenga kituo cha mbu.

Juu ya choo sitakawia, kwa sababu wazee waliopo hapa wanakumbuka kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973 na mashimo waliyochimba. Nitaongeza jambo moja tu. Katika miaka hiyo hiyo ya 1970, maabara ya utafiti ya Blair, katika nchi ambayo leo ni Zimbabwe, ilitengeneza choo cha shimo chenye bomba la hewa. Upepo upitao juu ya bomba huvuta harufu kutoka shimoni. Ndani ya kibanda mna giza, basi nzi hufuata mwanga kupanda bombani na kukwama kwenye wavu uliofungwa juu. Wavu ukitoboka, choo kimerudi kuwa cha zamani. Shimo liwe mbali na kisima, angalau meta 30, na liwe upande wa chini wa mteremko.

Jikoni pana hatari ambayo nyumba ndogo huizidisha. Chumba cha meta tatu kwa nne hujaa hewa ya sumu ya mkaa upesi, wala hewa hiyo haina harufu. Jiko la mkaa lisiingizwe ndani usiku wa baridi kwa ajili ya kuota, hata kidogo. Jiko lijengwe nje, chini ya paa lake.

Na taa je? Paneli ya sola ya wati 50, ikipata jua zuri la saa tano, ukitoa upotevu, hutoa kama wati-saa 175 kwa siku. Taa nne za kisasa za wati tano, zikiwaka saa nne kila usiku, hula 80. Redio na kuchaji simu mbili, tuseme 50. Jumla 130, na ziada hubaki kwa siku ya mawingu. Hapa hapana pasi, hapana jokofu, na muuzaji anayeahidi hayo kwa paneli hiyo asipewe saini ya katibu. Betri ya kawaida ya volti 12 isitumiwe zaidi ya nusu yake. Ikimalizwa kila usiku itakufa mapema, na betri ndiyo ghali kuibadilisha. Paneli yenyewe ipimwe juani kabla ya kulipiwa: ile ya mfumo wa volti 12, ikiwa haijaunganishwa na chochote, yapaswa kusoma kati ya volti 18 na 22. Fundi mwenye mita hahitaji hata dakika tano.

Tangu miaka ya 2010, Kenya na Tanzania umeenea mtindo wa kuchukua sola na kulipa kidogo kidogo kwa simu. Umewafikishia wengi taa, sikatai. Lakini mashine hujifunga malipo yakikosekana, nayo hutaka fedha kila siku au kila wiki, ilhali mkulima hupata fedha mara moja au mbili kwa mwaka. Chama kinachojua msimu wa mwanachama wake kinaweza kununua kwa jumla, kikamkopesha, kisha kikakata wakati wa mauzo. Sioni sababu ya kazi hiyo kuachiwa wengine.

Najua pingamizi zitakazokuja. Mkwe akija atalala wapi? Watoto wa kiume na wa kike wakikua? Maswali haya ni ya haki, na atakayeyacheka hajui kuishi na watu. Ndiyo maana nyumba hii ijengwe iweze kukua. Mgongo wa paa ufuate upande mrefu, na katika ukuta wa mwisho ncha za matofali ziachwe zitokeze kwa zamu, ili chumba cha tatu kikija ukuta wake ukamatane na wa zamani, na paa lirefushwe bila kuezuliwa. Meta nne kwa sita zitakuwa meta nne kwa tisa. Mbele kuwe na baraza ya meta moja na nusu, hata ikiezekwa kwa nyasi kwanza. Wazee wetu waliishi katika tembe na misonge iliyokuwa midogo, kwa sababu mchana walikuwa nje, na wageni walipokewa nje.

Juu ya mkopo wenyewe napendekeza utolewe kwa vifaa, si kwa fedha taslimu, na kwa mpangilio usiozoeleka: bati, mbao na gata zinunuliwe kwanza na kuhifadhiwa ghalani mwa chama kwa jina la mwanachama, geji ikiandikwa daftarini. Kumbukeni kwamba geji 28 ni nene kuliko geji 30. Wauzaji wengine hutegemea sisi kudhani kinyume. Kuta zikifika kimo chake na kukaguliwa, bati zitoke. Tangi na sola zifuate baada ya familia kuhamia. Marejesho yagawanywe katika misimu mitatu. Fomu iwe na nafasi ya saini ya mume na ya mke, na kiwanja kiwe kimethibitishwa na halmashauri ya kijiji kabla ya bati ya kwanza kununuliwa.

Ndugu Mwenyekiti, nje ya ukumbi nimechomeka mambo na kufunga kamba kwa vipimo hivi vya meta nne kwa sita, pamoja na mahali pa milango, kitanda, meza na tangi. Naomba makatibu watoke watembee ndani yake kabla ya maswali, wawili wawili, maana wote hatutaenea.