Mkono Uliopooza na Mfuko Wetu wa Jamii
(Hotuba ya Mwenyekiti, sherehe ya miaka kumi ya kikundi)



Hesabu za hisa na mikopo atazisoma mweka hazina. Mimi nina neno juu ya kiharusi.

Mwenzetu mmoja alipopooza mkono wa kulia, wengine walisema karogwa. Wengine wakasema mfuko wa jamii ni wa misiba na kulazwa, mazoezi siyo dawa. Jamani! Sanda tunachanga siku hiyo hiyo, mkono ulio hai tunaujadili mwezi mzima.

Kiharusi kiko kwenye ubongo. Mshipa wa damu umeziba au umepasuka, mara nyingi kwa sababu ya presha. Ubongo wa kushoto ndio unaoendesha mkono wa kulia, kwa hiyo mkono wenyewe si mgonjwa, umekosa wa kuuamuru. Sehemu iliyokufa hairudi, lakini sehemu zilizo nzima hujifunza kazi ile, mradi irudiwe mara nyingi sana. Kukandwa na maji ya moto peke yake hakutoshi, tena mkono usiosikia huungua bila mwenyewe kujua.

Huko Marekani walifanya utafiti kwa wagonjwa 222, majibu yakatoka mwaka 2006. Waliofunikwa mkono mzima kwa glovu wiki mbili, ili ule dhaifu ulazimike kufanya kazi, waliendelea vizuri kuliko wenzao. Lakini hao walikuwa wanaweza kukunjua kiganja na vidole kidogo. Msiende kumfunga mtu mkono bila mtaalamu!

Mwenzetu alianza kwa kufuta meza kwa kitambaa, halafu kuokota maharage kwenye ungo, moja moja. Sasa anashika kikombe. Kufunga kitenge bado anasaidiwa. Na nyie wakwe na wajukuu, msimnyanyue mgonjwa kwa kumvuta mkono ule, bega linateguka.

Wataalamu wa mazoezi ya viungo wanasomea hapa hapa nchini, KCMC Moshi wanafundishwa. Shida yetu ni nauli. Naomba leo tupige kura: mfuko ulipe nauli ya kwenda Musoma na kurudi, ya mgonjwa na msindikizaji, kwa miezi mitatu ya mwanzo, maana ndiyo mkono unapopata nafuu kubwa. Dawa za presha aendelee nazo.

Anayekubali anyooshe mkono. Katibu, hesabu.