Shauri la Kununua Motakaa



Mmetutaka tuseme juu ya motakaa ndogo ya mbio, Toyota Voltz, ambayo wengi wenu mwaitamani muionapo barabarani. Iliundwa Fremont, California, katika kiwanda cha ubia wa Toyota na General Motors, ikauzwa Japani tangu 2002 hata 2004. Basi iliyo mpya kwako, mwingine amekwisha kuichosha, hata rangi ing'aeje.

Injini zake ni namna mbili, zote za lita 1.8. Ile kali, 2ZZ, huonyesha ukali wake ipitapo mizunguko 6,000 kwa dakika. Nani kwetu huenda ofisini hivyo? Na zile Voltz ambazo magurudumu yote manne husukuma zilipewa injini ya upole, 1ZZ, peke yake. Kwa hiyo fungueni boneti msome namba, kisha inameni mtazame kama iko difu nyuma.

Sisi tulitia sahihi ya mkopo kwanza, tukapata 2ZZ. Masika yale tuliisukuma matopeni kwa mikono, na mshahara wetu ungali wakatwa.