Tusidharau Kidogo: Hotuba ya Mwenyekiti Siku ya Kutimiza Miaka Kumi



Awali ya yote tunamshukuru Mwenyezi Mungu kwa kutufikisha siku hii tukiwa wazima. Wapo wenzetu tulioanza nao mwaka 2015 ambao leo hatunao. Mungu awalaze mahali pema.

Sanduku letu nyote mnalijua, lina kufuli tatu na funguo zake zinakaa kwa watu watatu mbali mbali. Njia hii hatukuibuni sisi. Ilianza Niger, Afrika ya Magharibi, mwaka 1991, kwa wanawake wa vijijini huko Maradi, wakisaidiwa na shirika la CARE. Nao walikuwa kina mama wa hali ya chini kama sisi. Walianza na kile kilichokuwa mkononi, na leo njia yao imetufikia mpaka huku kisiwani.

Leo tunataka kuzungumzia hicho kidogo kilichomo mkononi, maana ndicho kilichotuweka hapa.

Sisi wa pwani ya mashariki ya Unguja ni watu wa mwani. Kilimo chake cha biashara kilianza mwaka 1989 kule Paje na Jambiani, na tangu hapo kimekuwa kazi ya wanawake zaidi. Tunashuka pwani maji ya bamvua yanapokupwa, tunachomeka pegi, tunafunga mbegu kwenye kamba, na baada ya siku kama arubaini na tano tunavuna. Kilo saba hivi za mwani mbichi zikikauka inabaki kilo moja. Na hiyo moja bei yake anaipanga mnunuzi. Ile mbegu ya cottonii yenye bei nzuri inakufa kwa joto la maji, tumebaki na spinosum ambayo bei yake ni ya chini. Mgongo unauma, na pesa yenyewe haionekani.

Basi tulipofundishwa kusaga mwani na kutengeneza sabuni, wengi walicheka. Walisema, polo zima hatupati kitu, itakuwa vijiko viwili vitatu vya unga? Lakini hapo ndipo ilipokuwa faida yenyewe. Sabuni haitaki mwani mwingi. Inataka mafuta ya nazi, kostiki soda, maji, mafuta ya karafuu kwa harufu, na subira, kwa sababu lazima ikae wiki nne mpaka sita ikauke ndipo iuzwe.

Mteja wetu wa mwanzo wa nje ya kijiji alikuwa nyumba ndogo ya wageni. Walitaka vipande kumi tu. Kumi! Wapo waliosema nauli itakula faida yote. Tulikubaliana tuwapelekee, na tuwapelekee siku ile ile tuliyoahidi, vipande vyote vikiwa na uzito mmoja, vimefungwa vizuri. Mwezi wa pili wakataka kumi tena. Mwezi wa tatu wakamwambia jirani yao. Hivyo ndivyo biashara yetu ilivyokua, wala hapakuwa na siri nyingine.

Halafu ukaja mwaka 2020, corona ikaingia, wageni wakakatika. Nani alitununua mwaka ule? Ni jirani wa hapa hapa, aliyekuja na shilingi mia tano kutaka nusu kipande anawie mikono. Tulimkatia. Nusu kwa nusu sanduku likasimama mpaka wageni wakarudi. Mteja mdogo si wa kudharauliwa, jamani.

Sasa tuseme lile lililo mbele yetu. Kuna hoja kwamba hisa moja ipandishwe kutoka shilingi 1,000 hadi 5,000. Itapigiwa kura mkutano mkuu ujao. Walioileta ni wenzetu na hawana nia mbaya. Wanasema mikopo inayotakiwa sasa ni mikubwa na sanduku halitoshi, na hilo ni kweli.

Lakini hebu tuhesabu pamoja. Mama anayenunua hisa moja kila wiki, mwaka mzima ana shilingi 52,000. Kwa utaratibu wetu wa kukopa mara tatu ya hisa zako, anaweza kukopa 156,000. Hapo anapata mafuta, kostiki na vibao vya kugandishia. Huyo tukimwambia alete 5,000 kila wiki, hatagomba. Atakaa kimya, na wiki itakayofuata hatutamwona. Na kati yetu tuliokaa meza ya mbele leo, ni wangapi tulianza na hisa moja? Tunajijua.

Viongozi tumezungumza, na ushauri wetu ni huu. Hisa ibaki 1,000. Anayeweza zaidi, badala ya kuishia hisa tano kwa wiki kama ilivyo sasa, aruhusiwe kununua mpaka kumi. Hivyo sanduku litanenepa na hakuna atakayefungiwa mlango. Uamuzi ni wenu, kura ni zenu.

Mgeni rasmi, ombi letu kwako ni moja: mashine ya kusagia mwani. Hivi sasa tunatwanga kwa kinu. Hatukuombi utupe bure, tunaomba utusaidie tuipate kwa mkopo wenye masharti nafuu, na vitabu vyetu vya hesabu viko wazi, uvikague.

Tunawashukuru waume zetu waliotuvumilia, walimu wa skuli waliotufundisha kuweka hesabu, na nyote mliofika. Haba na haba hujaza kibaba. Sisi kibaba chetu tumekiona kikijaa, tusikimwage sasa.