Breki ya Mkono Iliyoganda, na Jinsi ya Kubadili Waya Wake Nyumbani

Mazungumzo yetu ya leo ni juu ya kitu kidogo katika motokaa ambacho wenyewe wengi hukisahau mpaka siku kinapowaaibisha, nacho ni waya wa breki ya mkono. Ili maneno yetu yasielee hewani, tumechagua motokaa moja tu ya kuieleza, yaani Volkswagen ya zamani, ile yenye mgongo wa mviringo na mtambo wake nyuma. Motokaa hizo zilitengenezwa zaidi ya milioni 21, na ya mwisho ilitoka katika kiwanda cha Puebla, nchi ya Meksiko, mwaka 2003. Katika Afrika ya Mashariki zilijipatia sifa njema kwa kushinda mashindano ya Safari mwaka 1954, na tena 1957 na 1962, na hata sasa zingali zikionekana barabarani, nyingine zikitunzwa na wenyewe kama mboni ya jicho. Mwenye motokaa nyingine ya umri huo asiondoke. Kazi yafanana sana, ila vipimo tutakavyovitaja ni vya hii.

Kwanza yafaa tujue jinsi breki hii inavyofanya kazi. Breki ya mguu huendeshwa kwa maji ya breki yanayosukumwa ndani ya mabomba membamba. Breki ya mkono haina habari na maji hayo. Mpini uliopo kati ya viti viwili vya mbele ukivutwa, huvuta nyaya mbili za chuma, kila gurudumu la nyuma na waya wake. Nyaya hizo hupita chini, ndani ya uti wa katikati wa sakafu, kila mmoja katika bomba lake; zikitokea nyuma karibu na sanduku la gia huingia katika ala laini, na mwisho huingia ndani ya dramu ya breki. Humo ncha ya waya imeshika wenzo mdogo, na wenzo huo hutanua viatu vya breki, ambavyo ni vipande viwili vya chuma vilivyopinda kama mwezi mchanga, mpaka vikabane dramu. Basi maji ya breki yakimwagika yote njiani, bomba likipasuka kwa mfano katika mteremko wa kutoka Lushoto kwenda Mombo, kilichobaki mkononi mwa dereva ni gia zake na nyaya hizi mbili tu.

Waya huo haukatiki kwa ghafula mara nyingi, huganda. Ala yake hupasuka kwa uzee au kwa kupigwa na mawe, maji na matope yakaingia, grisi ikaoshwa, kutu ikaota. Kutu huchukua nafasi kubwa kuliko chuma iliyokila, na kwa hiyo waya hujaa ndani ya ala yake hata usiweze kuteleza. Motokaa inayosimama miezi mingi huganda upesi kuliko ile inayotembea kila siku.

Kuna kuganda kwa namna mbili. Waya ukiganda hali breki imefunguka, mpini huwa mzito lakini gurudumu halishikwi, au hushikwa moja tu. Waya ukiganda hali breki imefungwa, dereva hushusha mpini akadhani amemaliza, kumbe viatu vingali vikisugua dramu. Motokaa huwa nzito, harufu ya kuungua husikika, na ukikaribisha mkono kwenye gurudumu utaona joto. Namna hii ya pili hudhihirika upesi. Ile ya kwanza ndiyo ya hatari zaidi, kwa kuwa hainung'uniki. Mtu huegesha motokaa yake penye kilima, tuseme Kampala, mji uliojengwa juu ya vilima, akavuta mpini na kuingia dukani. Gia ikichomoka, motokaa hushuka yenyewe, wala haichagui kama chini pana ukuta au pana watoto wanaocheza.

Twajua wengi wamezoea kuweka jiwe katika sanduku la mizigo, wakalitia nyuma ya gurudumu kila wasimamapo, kama vile utingo wa lori arukavyo chini na gogo lake. Hatulikatazi jiwe. Walakini jiwe halitamsaidia dereva ambaye breki ya mguu imemponyoka hali motokaa inakwenda.

Kabla ya kununua waya mpya, hakikisheni kwamba ugonjwa ni wa waya kweli. Ikiwa viatu vimelika sana, mpini utapanda juu mno bila kushika, na dawa yake ni kurekebisha viatu au kuvibadili. Ikiwa mafuta ya ekseli au maji ya breki yamevuja ndani ya dramu, viatu huteleza, na waya hauna kosa. Njia ya kujua ni hii: nyanyueni nyuma ya motokaa kwa namna tutakayoieleza, mmoja avute na kushusha mpini polepole, na mwingine atazame nyuma, mahali waya unapoingia katika dramu, huku akizungusha gurudumu kwa mkono. Waya mzima huenda na kurudi. Uliogandamana hausogei, au huenda usirudi.

Wako watakaosema, tutaumiminia mafuta ya taa na oili, utalegea. Ni kweli utalegea, kwa juma moja au mawili. Lakini nyuzi nyembamba zilizosokotwa ndani zimekwisha kuliwa, na ala iliyopasuka itaingiza maji mengine mvua ikinyesha. Kwa maoni yetu fedha ya waya mpya si nyingi ukiilinganisha na kazi ya kufungua dramu mara mbili. Tena badilini nyaya zote mbili pamoja, maana mmoja mpya na mmoja mkuukuu hazivuti sawasawa. Nendeni dukani na mwaka wa motokaa yenu, kwa kuwa urefu wa nyaya hutofautiana kwa miaka. Tena msiutupe wa zamani kabla ya kuulaza chini kando ya mpya na kuupima.

Sasa twaingia katika kazi yenyewe, na hapa twaomba masikio yenu hasa. Motokaa hii huendeshwa na magurudumu ya nyuma. Gia hushika ya nyuma, na breki ya mkono hushika ya nyuma. Mkishayanyanyua magurudumu hayo, hakuna tena kitu kinachoizuia motokaa isitembee, kwa kuwa yale mawili ya mbele yaliyobaki ardhini yako huru kabisa. Kwa hiyo chagueni mahali palipo sawa na pagumu, tieni magogo imara mbele na nyuma ya magurudumu yote mawili ya mbele, na mkiisha kunyanyua kwa jeki, itueni motokaa juu ya stendi za chuma. Jeki ni ya kunyanyulia, si ya kutegemea. Matofali nayo hayafai, maana hupasuka bila kutoa habari. Mtu asiingie chini ya motokaa inayokaa juu ya jeki peke yake, hata kwa kuokota spana iliyoanguka.

Lakini kabla ya kunyanyua, kuna nati moja kubwa ya kulegezwa, ile ya katikati ya gurudumu inayoshika dramu kwenye ekseli. Huhitaji spana ya milimita 36. Nati hii hukazwa kwa nguvu za kilogramu 30 kwenye mpini wa mita moja, ambazo ni sawa na mtu wa kilo 60 kusimama juu ya bomba la spana, nusu mita kutoka kwenye nati. Motokaa iliyo juu ya stendi yaweza kuangushwa na nguvu kama hizo. Basi legezeni nati zote mbili hali magurudumu yamekaa ardhini, gia ya kwanza imeingizwa, magogo yamekwisha tiwa, na mwenzenu amekanyaga breki ya mguu. Kwanza chomoeni pini ya miguu miwili iliyopita ndani ya nati. Hiyo itupeni, mtatia mpya.

Motokaa ikiisha kutua juu ya stendi, toeni magurudumu. Ndani, kati ya viti, vueni mpira unaofunika shina la mpini. Mtaona ncha mbili za nyaya zenye hesi, kila moja na nati mbili. Ncha ina mfuo wa kutia bisibisi. Ishikeni hapo isizunguke, mkafungue nati. Ikiwa kutu imezishika, zilowesheni mafuta tangu usiku wa jana yake. Halafu rudini nyuma, legezeni gurudumu dogo la meno linalosogeza kila kiatu, ili dramu isikwame, na kuivuta. Dramu ikikataa, gongeni pande zote kidogo kidogo kwa nyundo ya mpira, wala si upande mmoja kwa hasira.

Vumbi mtakalolikuta humo msilipulize kwa kinywa wala kwa pampu. Viatu vya zamani vingi vilitengenezwa kwa asbesto, na vumbi lake likiingia mapafuni huleta maradhi mabaya baada ya miaka mingi. Lilowesheni kwa maji ya sabuni, lifuteni kwa kitambaa, na kitambaa kifungwe katika mfuko kabla ya kutupwa. Hali kadhalika mwambieni kila aliye karibu asikanyage breki ya mguu dramu ikiwa nje, maana pistoni zitatoka katika silinda, na kazi ya asubuhi itakuwa kazi ya siku mbili.

Fungueni upande mmoja tu kwanza, ili upande wa pili uwe kielelezo cha kutazamia springi zilivyokaa. Picha ya simu nayo yasaidia sana. Ondoeni springi na viatu, chomoeni ncha ya waya kutoka kwenye wenzo, fungueni bolti inayoshika ala ya waya katika sahani ya nyuma, kisha vuteni waya wote utokee nyuma ya motokaa.

Hapo ndipo kutu hupima subira ya mtu. Waya usipotoka, uzungusheni kwa koleo huku mkiudondoshea mafuta, mpumzike, mrudie. Msiugonge wala kuung'ang'ania kwa nguvu nyingi, kwa sababu bomba la ndani ya sakafu likichomoka mahali pake, haliwezi kurudishwa pasipo kukata chuma. Ni vyema kufunga waya mwembamba kwenye ncha ya mbele kabla ya kuvuta. Wa zamani utakapotoka, mwembamba utabaki ndani ya bomba, nanyi mtaweza kupitishia kitambaa chenye mafuta ya taa mara kadhaa mpaka kitoke safi.

Waya mpya upakeni grisi urefu wake wote, na ndani ya ala pia, mkiuingiza kutoka nyuma kwenda mbele hadi ncha itokee penye mpini. Ncha ya nyuma ishikizeni kwenye wenzo, kazeni bolti ya ala, rudisheni viatu na springi kama mlivyozikuta. Grisi isiguse bitana za breki; ikigusa, afadhali mbadili viatu. Fanyeni upande wa pili vivyo hivyo. Nati kubwa za ekseli zikazeni kabisa baada ya motokaa kurudi chini, kwa nguvu zile zile tulizozitaja, na tundu la pini lisipokutana na mfuo wa nati, endeleeni kukaza mpaka likutane, kamwe msilegeze.

Urekebishaji una utaratibu wake, na mafundi wengi wa haraka huugeuza. Viatu huja kwanza, waya baadaye. Mpini ukiwa chini na nyaya zimelegea, zungusheni magurudumu madogo ya meno mpaka dramu isizunguke, kisha mrudishe meno matatu au manne, hata gurudumu lizunguke bila kukwaruza. Kanyageni breki ya mguu mara kadhaa viatu vikae mahali pake, mkajaribu tena. Ndipo mwende kwenye nati za nyaya, mkazikaza kidogo kidogo kwa zamu. Vuteni mpini hadi jino la pili: magurudumu yote mawili sharti yawe mazito kwa kiasi kimoja. Jino la nne: yasizunguke kwa mkono hata moja. Mpini ukishushwa, yote mawili yawe huru kabisa. Moja likishika mbele ya jingine, rekebisheni nati ya upande huo tu, na ncha ikishikwa kwa bisibisi kazeni nati ya pili juu yake ili ya kwanza isilegee.

Jaribio la barabarani lifanyeni penye mteremko mdogo usio na watu, magogo yakiwa tayari mkononi mwa mwenzenu. Waya mpya hunyooka kidogo siku zake za kwanza. Kwa hiyo baada ya majuma mawili ya kutembea, hesabuni tena meno ya mpini, na mkikuta umepita la nne, kazeni nati zote mbili kwa kiasi kimoja.