Amri ya Kalsiamu na Kazi ya Protini: Pepopunda, Tohara na Neva

Kati ya mwaka 2002 na 2006 wanaume 2,784 wa hapa Kisumu, wenye umri wa miaka 18 hadi 24, walishiriki katika jaribio la kupima iwapo tohara hupunguza maambukizi ya Virusi vya UKIMWI. Ilithibitika kwamba hupunguza, na kuanzia 2008 huduma hiyo ikaenea Nyanza, miongoni mwa Waluo ambao kwa desturi yao hawatahiri. Kila tohara ni kidonda, na kidonda ndicho mlango wa vijidudu vya pepopunda vinavyokaa udongoni. Visa vilivyoripotiwa baada ya tohara katika nchi kadhaa za Afrika vililifanya Shirika la Afya Duniani, mwaka 2015 na 2016, kulitazama upya suala la chanjo. Nadai kwamba chanjo haina budi kutangulia kisu, na sababu yake imo ndani ya neva.

Neva hupeleka ujumbe kwa kumwaga kemikali iliyohifadhiwa katika vifuko vidogo. Bernard Katz na Ricardo Miledi walionyesha katika miaka ya 1960 kwamba kalsiamu isipoingia, neva haimwagi kitu. Wengi hukomea hapo, wakadhani kalsiamu ndiyo yenye nguvu. Mimi naona hutoa amri tu. Amri hiyo hupokewa na protini iitwayo sinaptotagmini: mwaka 2001, panya waliobadilishiwa asidi amino moja katika protini hiyo, ikashika kalsiamu kwa nguvu pungufu, walionekana kumwaga kidogo zaidi. Kazi yenyewe hufanywa na sinaptobrevini, iliyo kwenye kifuko, inapojisokota na wenzake wa utando wa seli hadi kifuko na utando vikaungana. Mwaka 1992 ilibainika kwamba sumu ya pepopunda ni kimeng'enya kinachoikata sinaptobrevini. Ikishakatwa, kalsiamu huingia kama kawaida na vifuko vimo, lakini hakitoki kitu.

Atakayepinga atauliza: mbona sumu ya botulini aina ya B huikata protini hiyohiyo, tena mahali palepale, na mgonjwa hulegea badala ya kukakamaa? Swali ni zuri, ila linachanganya kitendo na mahali. Botulini hubaki mwisho wa neva inayoendesha msuli, ikaunyamazisha. Ya pepopunda hupanda hadi uti wa mgongo na kunyamazisha seli zinazotuliza misuli, ndiyo maana taya hukaza. Wala kunyamazishwa huku si kwa neva peke yake: mwaka 1986 sumu hiyo ilipoingizwa ndani ya seli za tezi ya adrenali ya ng'ombe, ambazo zina nasaba na neva, nazo ziliacha kumwaga.

Dawa ya kupinga sumu huikamata ile iliyo nje ya seli tu. Iliyokwisha kuingia haifikiwi, na seli hulazimika kuunda protini mpya, kazi ya wiki nyingi. Hivyo kinga haina budi kuwapo mapema, ila mipango yetu ya chanjo ililenga watoto wachanga na wajawazito. Wanaume wazima, hasa wanaotahiriwa, waliachwa pembeni. Hata kwa tohara ya kifaa cha kubana govi badala ya kisu, dozi mbili hutakiwa, zikipishana wiki nne, ya pili ikitolewa angalau wiki mbili kabla ya kifaa kuvishwa.